Wakitoka Kombe la Dunia, vijana hawa wanarudi kwenye ligi gani?

*Wachezaji kumi wa Burundi walitoka kambini Croatia mwaka 2023 wasirudi. Mjadala uliofuata ulihusu pasipoti na ulinzi. Kuna swali kubwa zaidi lililoachwa nje: kijana wa mpira wa mikono Afrika Mashariki akitimiza miaka 19, mchezo wake unaishia wapi?*

Kilima cha Trsat kiko juu ya mji wa Rijeka, Croatia. Ukiwa huko unaiona bandari na Bahari ya Adria, na kwa anayependa kutembea kuna ngazi za mawe 561 zinazopanda kutoka mjini. Kilimani hapo ndipo yalipo majengo ya chuo kikuu na mabweni ya wanafunzi.

Agosti 2023 bweni moja liligeuzwa kambi ya wavulana wa Burundi, waliokwenda kucheza Kombe la Dunia la mpira wa mikono kwa vijana wenye umri chini ya miaka 19.

Jumatano jioni, Agosti 9, mashindano yakiwa yamebakiza siku nne, wachezaji kumi walitoka bwenini wasirudi.

Polisi wa Rijeka wakatangaza kuwatafuta. Habari ilizunguka dunia, na kwa watu wengi hiyo ikawa mara ya kwanza kusikia kwamba Burundi ina timu ya taifa ya mpira wa mikono.

Kikosi cha mechi katika mchezo huu hakizidi wachezaji 16. Kumi wakiondoka, hapo hakuna timu tena.

Siku kadhaa baadaye taarifa zikaja kutoka Ubelgiji: vijana wako salama, wameomba hifadhi. Walikuwa na umri wa miaka kama 17. Kisheria hao ni watoto, ndiyo maana makala haya hayawataji majina wala hayatakisia kilichokuwa moyoni mwa kila mmoja.

Tunachoweza kukijadili ni kile kilichokuwa kikiwangoja nyumbani kama wachezaji. Hicho tunakijua, kwa kuwa hakitofautiani sana ukiwa Bujumbura, Dar es Salaam, Kampala au Nairobi.

TIKETI YA KIGALI

Safari ya Croatia ilianzia Kigali. Mwaka 2022, kati ya Agosti na mwanzo wa Septemba, Rwanda iliandaa mashindano mawili ya Afrika kwa mfululizo: ya vijana chini ya miaka 20, kisha ya chini ya miaka 18. Misri ikabeba yote mawili, kama wengi walivyotarajia.

Kwa ukanda wetu, habari kubwa ilikuwa ya vijana wadogo. Rwanda na Burundi zilipata nafasi ya kwenda Croatia mwaka uliofuata, kuwa miongoni mwa timu 32 za dunia. Nchi mbili jirani, zenye ardhi ndogo na ambazo hazitajwi sana michezoni, zikaingia uwanja mmoja na Wajerumani, Wadenmark na Wahispania.

Mfumo wa mashindano hayo hauna huruma. Timu hupangwa makundi manane ya timu nne nne. Mbili za juu zinaendelea kuwania ubingwa, mbili za chini zinashuka kwenye Kombe la Rais, yaani kugombea nafasi ya 17 hadi ya 32. Wageni wengi huishia huko chini, wakiwa wamefungwa mabao mengi kwenye mechi za kwanza.

Wapo wanaoyasoma matokeo ya namna hiyo na kusema hakukuwa na haja ya kwenda. Hao hawajautazama mchezo wenyewe kwa karibu.

SARUJI NA GUNDI

Msomaji aliyeuona mpira wa mikono kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, tu anajua mambo ya msingi: wachezaji saba kila upande, kiwanja cha mita 40 kwa 20, vipindi viwili vya dakika 30. Ukishika mpira hupigi hatua zaidi ya tatu wala hukai nao zaidi ya sekunde tatu. Mabao thelathini kwa mechi ni jambo la kawaida.

Sasa mtazame winga. Amepokea mpira pembeni kabisa na pembe ya goli imembana. Mbele yake kuna eneo la mita sita, ambalo haruhusiwi kulikanyaga. Sheria hata hivyo haimkatazi kupita hewani, basi anaruka. Akiwa juu anangoja, anamwacha kipa atangulie kusogea, pembe inafunguka kidogo, ndipo anaachia. Kisha anaanguka ndani ya eneo lile kwa kifua, kwa bega au kwa nyonga.

Kwenye sakafu ya mbao au ya mpira anateleza, anainuka, anakimbia kurudi kukaba. Kwenye saruji anachubuka ngozi ya mkono mzima, au anaumia bega na kukaa nje miezi.

*“Kijana aliyekulia kwenye saruji hujifunza mapema kutua kwa miguu, na anayetaka kutua kwa miguu hulazimika kuachia mpira mapema.”*

Kijana aliyekulia kwenye saruji hujifunza mapema kutua kwa miguu, na anayetaka kutua kwa miguu hulazimika kuachia mpira mapema. Hiyo nukta anayoipoteza ndiyo anayoitaka kipa wa Ulaya. Hakuna kocha atakayekuja kuirekebisha kwa maneno wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu mwili umeshajifunza kujilinda.

Kipa naye ana yake. Kuzuia mpira wa chini kunataka miguu ipanuke na mwili ushuke wote mpaka sakafuni, mara kadhaa katika kila kipindi. Nani atamwambia mtoto afanye hivyo kwenye uwanja wa shule uliomwagwa zege lenye kokoto?

Halafu kuna gundi. Wachezaji wa mashindano makubwa hupaka vidoleni gundi maalumu inayonata, ambayo asili yake ni utomvu wa misonobari. Mpira wa wanaume una mzunguko wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa gramu 425 hadi 475. Ukiwa na gundi unaushika kwa mkono mmoja, unauzungusha kwa kifundo cha mkono, unautuma kwa mzunguko unaomzidi kipa akili. Kwenye kiwanja cha nje chenye vumbi, gundi hiyo hugeuka tope baada ya dakika chache. Kwa hiyo vijana wetu hucheza mikono mitupu, na wakifika kwenye ukumbi wa kimataifa wanakutana na mpira ulio tofauti na ule walioujua tangu darasa la tano.

Mtoto anayetoka kwenye hali hiyo na bado akafunga bao dhidi ya timu ya Ulaya ana kipaji ambacho nchi yoyote ingekitamani. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa sababu baada ya Rijeka vijana hawa walianza kuzungumzwa kama mzigo.

MISRI ILIKOPITIA

Ni rahisi kudhani pengo hili ni la Afrika na Ulaya. Historia inakataa.

Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 21 lilianza mwaka 1977 nchini Sweden, na kwa miaka kumi na sita liliondoka na mataifa ya Ulaya peke yake. Mwaka 1993 lilichezwa Misri. Wenyeji wakafika fainali, wakaifunga Denmark, wakawa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kulitwaa.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kutushughulisha. Miaka miwili baadaye timu ya wakubwa ya Misri ilimaliza ya sita katika Kombe la Dunia nchini Iceland. Olimpiki ya Atlanta, 1996, ya sita tena. Mwaka 2001, Ufaransa, ikaingia nusu fainali ya dunia, jambo ambalo halikuwa limefanywa na nchi yoyote nje ya Ulaya, na ikamaliza ya nne.

Mzunguko ukarudi upya mwaka 2019. Julai, nchini Hispania, vijana wa Misri wa chini ya miaka 21 walitwaa medali ya shaba kwa kuifunga Ureno. Mwezi uliofuata, mjini Skopje, Makedonia Kaskazini, wadogo zao wa chini ya miaka 19 waliifunga Ujerumani 32-28 katika fainali na kuwa mabingwa wa dunia. Medali mbili katika kiangazi kimoja.

Miezi kumi na saba baadaye, Januari 2021, wakubwa wa Misri walikuwa Cairo wakicheza robo fainali ya dunia na Denmark, mabingwa watetezi. Muda wa kawaida ukaisha sare, wa nyongeza ukaisha sare, Denmark ikapita kwa mitupo ya mita saba. Kiangazi cha mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Misri ikafika nusu fainali na kumaliza ya nne, ikikosa shaba kwa Hispania 33-31.

Katikati ya timu ya vijana na timu ya wakubwa kuna kitu gani? Kuna klabu. Al Ahly na Zamalek, ambazo mashabiki wetu wa soka wanazifahamu kwa machungu ya Ligi ya Mabingwa, zina timu kubwa za mpira wa mikono. Ziko pia Heliopolis ya Cairo, Smouha na Sporting za Alexandria. Klabu hizi zina timu za rika, na timu za rika zina ligi. Mtoto akitoka kwenye kikosi cha taifa anarudi kwenye mazoezi ya Jumanne, mechi ya Ijumaa, na kocha anayemjua tangu akiwa mdogo.

Katika kikosi kile cha Skopje alikuwamo Ahmed Hesham, maarufu kwa jina la Dodo. Naye alikwenda Ulaya. Alijiunga na Nîmes ya Ufaransa, kwa mkataba, huku akiendelea kuvaa jezi ya Misri.

*“Ulaya inawavuta vijana wa Misri vilevile. Kilicho tofauti ni mlango wanaopitia.”*

Ulaya inawavuta vijana wa Misri vilevile. Kilicho tofauti ni mlango wanaopitia. Kijana mwenye klabu, mwenye wakala, mwenye video za mechi arobaini za msimu, anaweza kukaa akangoja barua. Asiye na hayo ana wiki mbili za mashindano, tena akiwa kwenye kundi la timu zinazofungwa, na hajui kama atapata wiki nyingine kama hizo maishani.

WASHIKWE PASIPOTI?

Tangu Rijeka, kauli inayosikika zaidi kwa wasimamizi wa michezo ni ya ulinzi. Pasipoti zikae kwa kiongozi wa msafara. Kila chumba kiwe na mtu mzima. Wazazi waweke dhamana. Wachaguliwe watoto wa familia zenye uwezo, wasio na sababu ya kutoroka.

Hofu iliyo nyuma ya kauli hizi ni ya kweli, na si haki kuidharau. Kiongozi wa msafara amebeba watoto wa watu. Wakipotea usiku, ni yeye anayekaa kituo cha polisi cha ugenini akieleza, na ni yeye anayempigia simu mama. Kuna pia timu zitakazofuata. Ofisa wa viza akipokea faili la timu ya vijana kutoka ukanda huu, Rijeka inakaa kichwani mwake, na wasichana wa Tanzania au wavulana wa Uganda watalipia jambo lisilowahusu.

Lakini ulinzi umeshajaribiwa, na walioujaribu hawakuwa walegevu. Eritrea ni nchi inayojulikana kwa kubana raia wake wasitoke. Wachezaji wake wa soka wametoweka Kenya mwaka 2009, Uganda mwaka 2012, na Botswana mwaka 2015, ambako kumi walipewa hifadhi. Mwaka 2019 ikawa zamu ya vijana wao wa chini ya miaka 20, tena Uganda. Mwaka 2018, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia, wanamichezo wanane wa Cameroon hawakurudi vyumbani. Mwaka 2021 mnyanyua vyuma wa Uganda, Julius Ssekitoleko, alitoweka kambini Japani kabla ya Olimpiki, akapatikana na kurudishwa.

Na Croatia yenyewe ilikuwa imeingia eneo la Schengen Januari 1, 2023. Kuanzia siku hiyo mtu angeweza kusafiri kutoka Rijeka hadi Brussels kwa barabara bila kituo cha kudumu cha ukaguzi wa pasipoti njiani. Ukiishikilia pasipoti ya mtoto ukaiweka kabatini, humzuii kusafiri. Unamfanya asafiri bila kitambulisho, jambo la hatari kwa mtoto wa miaka 17 kwenye nchi asiyoijua lugha yake.

Ubelgiji, kwa Mrundi, si nchi ya kuokota kwenye ramani. Iliitawala Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi uhuru wa 1962, na kuna jamii kubwa ya Warundi huko, iliyoongezeka kila nchi ilipoingia kwenye misukosuko, ule wa mwaka 2015 ukiwa mmojawapo. Msomaji wetu wa Buyenzi, pale Bujumbura, huenda ana mjomba au shangazi huko.

Upande wa pili wa mjadala ni wa watetezi wa haki, na hoja yao nayo ni nzito. Kuomba hifadhi si kosa. Ni haki iliyo kwenye Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Mtoto akifika Ubelgiji bila mzazi, sheria ya huko inamtaka apewe mlezi wa kisheria. Kwa hiyo wanaowaita vijana wale wahalifu wanakosea, na wanaotaka adhabu ziwaangukie wazazi waliobaki nyumbani wanakosea zaidi.

Nakubaliana nao. Ila hoja hiyo inaishia mpakani. Inatuambia namna ya kumtendea mtoto aliyekwisha ondoka. Haituambii lolote kuhusu wale waliobaki, ambao wanapiga mpira kwenye saruji asubuhi hii ya Jumamosi.

Kuna kundi la tatu, linalosema tusipeleke vijana mpaka tujipange. Fedha za tiketi na kambi zijenge viwanja kwanza. Hili linavutia kwa masikio, na ni baya kuliko yote. Rika la chini ya miaka 19 halingoji mtu. Kijana anayenyimwa safari mwaka huu, mashindano yajayo yakifika amezidi umri. Kusema tusubiri ni kumwambia yeye hasa kwamba zamu yake imefutwa.

JESHI, POLISI NA CHUO

Tuje nyumbani. Vipaji vya mpira wa mikono Afrika Mashariki hutoka shuleni, na hili tunalifanya vizuri kuliko tunavyojisifu.

Rwanda ina shule ambazo kila mpenzi wa mchezo huu anazijua kwa jina, kama ADEGI Gituza ya Gatsibo na ES Kigoma ya Ruhango. Kenya huchezesha mpira wa mikono kwenye michezo ya shule za sekondari za nchi nzima. Kuna michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambako wavulana hawa hukutana na kujuana kwa majina ya utani. Tanzania ina UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, na kote kuwili mpira wa mikono umo kwa wavulana na wasichana.

Kisha mtihani wa mwisho unafanywa, sare zinavuliwa, na njia inakatika.

Anayebaki mchezoni baada ya hapo mara nyingi amebebwa na taasisi. Rwanda kuna APR ya jeshi na timu ya Polisi. Kenya kuna Ulinzi, kuna NCPB ya bodi ya nafaka, kuna Chuo Kikuu cha Strathmore. Tanzania Bara ni timu za majeshi, na Zanzibar ndiko waliko Nyuki na KVZ. Taasisi hizi zimeushikilia mchezo huu miaka mingi bila kupigiwa makofi. Kama isingekuwa ajira ya askari, wachezaji wetu wengi wa timu za taifa wangekuwa wameacha wakiwa na miaka ishirini.

Lakini mlango huo ni mwembamba. Kujiunga na jeshi au polisi kuna masharti yake ya umri, elimu, afya na idadi ya nafasi, wala haufunguliwi kwa sababu mtu ana mkono mzuri wa kushoto. Tuseme timu moja inachukua vijana watatu kwa mwaka. Kikosi cha taifa cha vijana kina kumi na sita, na nyuma yao kuna mia kadhaa walioachwa kwenye mchujo. Hao wengine wote wanakwenda wapi?

Wengi wanakwenda kwenye bodaboda, kwenye duka la mjomba, kwenye chuo ambacho hakina hata mpira mmoja wa saizi ya tatu. Hakuna aibu kwenye kazi hizo. Kinachouma ni kwamba miaka minane ya mazoezi imezikwa na hakuna aliyeandika popote kwamba ilikuwapo.

*“Baina ya miaka 19 na 23, mchezaji wetu hana ligi inayomtambua.”*

Hapa ndipo nionavyo tatizo lilipo. Baina ya miaka 19 na 23, mchezaji wetu hana ligi inayomtambua. Ni mkubwa mno kwa shule, ni mchanga mno kwa timu ya askari wenye miaka thelathini. Kule Misri miaka hiyo minne ndiyo inayotengeneza mchezaji. Kwetu ndiyo inayommaliza.

Udogo wa nchi si kisingizio. Visiwa vya Faroe vina watu kama 54,000, wachache kuliko wakazi wa kata kadhaa za Dar es Salaam. Januari 2024 timu yao ya wakubwa ilicheza Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza na kutoka sare ya 26-26 na Norway mjini Berlin, ikiwa imejengwa juu ya vijana waliopandishwa pamoja kutoka timu za rika. Wana fedha kuliko sisi, hilo halina ubishi. Lakini wao pia hawana watoto wa kupoteza, kwa hiyo kila mmoja anafuatiliwa.

MZAZI HAJAULIZWA

Katika kelele zote za baada ya Rijeka, mtu aliyesikika kidogo kuliko wote ni mzazi. Kabla ya mtoto wa chini ya miaka 18 kusafiri nje, mzazi hutia saini ridhaa. Mara nyingi karatasi hiyo hupitishwa haraka, pamoja na picha za pasipoti na cheti cha kuzaliwa, na mzazi anaona fahari kiasi kwamba anasahau kuuliza.

Ana haki ya kuuliza mambo mengi. Nani hasa atalala na watoto jengo moja? Mwanangu akiumia goti, bima ni ya nani, na matibabu yataendelea baada ya kurudi? Shule imekubali kumfanyia mtihani alioukosa? Na akirudi, nani atampigia simu wiki inayofuata?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo mashirikisho yetu hayana jibu. Bajeti ya safari huishia uwanja wa ndege siku ya kurudi. Kuna mstari wa jezi, wa tiketi, wa posho ya viongozi. Mstari wa mwezi baada ya mashindano haupo.

Ningependa uwepo, na ungewekwa kwa njia rahisi. Orodha ya kikosi inapopelekwa wizarani kuombewa kibali, mbele ya kila jina liandikwe anakorudi: shule gani, kidato gani, klabu gani, kocha gani, au chuo gani kilichokubali kumpokea kwa ada nafuu. Jina lisilo na maelezo hayo lisiondolewe kwenye timu. Shirikisho ndilo lipewe muda wa kuyatafuta kabla ndege haijaruka.

Hatua ya pili inataka fedha kidogo na ushawishi mwingi. Vyuo vikuu vyetu vina viwanja, vina michezo ya vyuo, na vina vijana wa umri huohuo unaokosa ligi. Strathmore imeonyesha kwamba chuo kinaweza kuwa klabu ya kushindania ubingwa. Tukipata vyuo vinne kwa nchi na timu nne za majeshi zenye kikosi cha chini ya miaka 23, hiyo tayari ni ligi ya timu nane, mechi kumi na nne kwa kila moja, nyumbani na ugenini.

Na sakafu. Si lazima kila mkoa ujengewe ukumbi kama BK Arena ya Kigali. Zipo sakafu za kukunjua zinazotandikwa juu ya saruji ndani ya ukumbi wowote wenye nafasi, kisha zikakunjwa. Sakafu moja ikiwa Dodoma, moja Unguja, moja Mwanza, mawinga wetu wangeanza kujifunza kuanguka wakiwa na miaka kumi na miwili.

Rwanda imeshaanza kuvuna. Baada ya kupokea vijana wa Afrika mwaka 2022, ilipewa kuandaa Kombe la Afrika la wakubwa la Januari 2026. Mtoto wa Gatsibo anaweza kuona, bila kupanda ndege, timu ya taifa anayoweza kuichezea akiwa na miaka 22.

Mashindano ya Afrika ya vijana hufanyika miaka ya shufwa na yale ya dunia miaka ya witiri, kwa hiyo kila safari huwa na karibu mwaka mzima wa kujiandaa tangu tiketi ipatikane. Katika mwaka huo, katibu wa shirikisho mwenye simu na orodha ya majina kumi na sita anaweza kuzungumza na wakuu wa shule kumi na sita na wazazi kumi na sita. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, na inaweza kuanza Jumatatu.